Vali ya Kuelekea Baharini

Jumatatu, 3 Machi

Masika yamefunguka leo, nami nimefungua daftari hili. Sina sababu ya maana. Nikitoka kazini namkuta Mama keshakula, keshasikiliza taarifa ya habari, anasinzia kwenye kiti chake, na mimi siwezi kutulia. Nafagia palipofagiwa. Nakunja nguo zilizokunjwa. Jana Mama alifumbua jicho moja akasema, "Mwanangu, keti. Nyumba haikimbii." Basi nimeketi, naandika.

Kazi yangu ni kwenye kituo cha pampu za majitaka, mwisho wa mtaa wetu wa bondeni. Kila choo na kila sinki ya upande huu wa mji humwaga kwetu, kwenye shimo kubwa la zege tunaloliita kisima, kisha pampu huyapandisha maji hayo mlimani kwenye mabwawa ya kusafishia. Watu hudhani wakishavuta maji chooni yametoweka duniani. Hayajatoweka. Yamekuja kwangu.

Pampu ziko tatu. Ya tatu ilikufa mwaka jana, inasubiri beringi. Ya pili, kama asemavyo Babu Grisi, mwenzangu wa zamu, inafanya kazi kama mtu aliyekwisha andika barua ya kuacha kazi. Ya kwanza ndiyo inayotubeba.

Na nyuma ya pampu, ukutani, kuna gurudumu jekundu la chuma. Ni la vali ya dharura. Ukilizungusha, majitaka hayapandi tena mlimani, yanateremka moja kwa moja ghubani. Sijawahi kuligusa ila kulipaka mafuta lisishike kutu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Pampu ya pili imekohoa kutwa, ikaendelea. Mimi pia.

Jumapili, 9 Machi

Leo nilikuwa kwa mdogo wangu, ghubani. Nyumbani tunamwita Chumvi kwa sababu tangu utotoni ukimbusu shavu unaonja bahari. Aliacha kazi ya dukani akaanza kufuga chaza, na watu wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Sasa ana safu za maboya, chini ya maboya kamba, kwenye kamba vikapu vya wavu, na ndani ya vikapu chaza wanakua kama watoto wa bweni. Chini kabisa zimeota nyasi bahari, nene, za kijani. Maji yakitulia unamwona kasa akizila bila haraka, kama mtu aliyestaafu.

"Unajua chaza anafanya nini kutwa?" akaniuliza, ingawa ameshaniambia mara mia. "Anakunywa maji machafu kidogo, anayatema masafi. Ni mtu wa kazi yako, Dada. Tofauti ni kwamba yeye haombi beringi."

Anavuna kabla mwezi huu haujaisha. Mnunuzi amepatikana, lori lenye barafu litafika mpaka ufukweni. Aliniambia hayo huku anaruka ruka kwenye mtumbwi, nikashika kingo kwa mikono yote miwili.

Jumanne, 11 Machi

Mhandisi, bosi wetu, anasema beringi imo njiani. Babu Grisi anasema njia hiyo lazima inapitia mwezini.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kutwa. Kwenye ukuta wa kisima kuna mistari miwili ya rangi. Maji yakifika wa njano, tunakaza macho. Yakipita mwekundu, yanarudi kinyumenyume kwenye mabomba na kutokea vyooni mwa watu, kuanzia nyumba za bondeni. Nyumba yetu ni ya bondeni. Leo yamefika njano, yakasita, yakashuka. Nimekuja nyumbani nikapiga deki jikoni bila sababu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimeligusa gurudumu jekundu.

Mvua ilianza kabla ya mchana na haikuwa ya matone, ilikuwa ya kumwagwa. Kwenye saa saba hivi pampu ya pili ilikohoa, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Babu Grisi alifungua kifuniko, akaingiza mkono, akautoa. Hakufanya utani wowote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Pampu moja haiwezi. Nilisimama ukingoni mwa kisima nikaona maji yanapanda ukuta, yanameza mstari wa njano, yanaufuata mwekundu. Simu zikaanza. Jirani wa nyumba ya pili: chooni kwake kunatokota. Mwingine: chemba ya mtaani imetupa mfuniko. Kisha Mama mwenyewe, sauti ndogo kabisa:

"Mwanangu, kuna maji meusi yanatoka bafuni. Nimepandisha miguu kitandani."

Miguu ya Mama haimchukui mbali. Analala chumba cha chini kwa sababu ngazi zilimshinda zamani.

Nilimpigia Mhandisi. Ni mtu mwembamba, mpole, anayesema polepole kama anayepima kila neno kwa rula.

"Mstari mwekundu?"

"Umeguswa."

"Pampu ya pili?"

"Imekufa."

 Nilisikia mvua upande wake pia.

"Fungua vali, Fundi. Ni amri yangu, si yako. Na usiseme na mtu mpaka maabara ipime maji. Tusiwatie watu hofu."

"Mhandisi, kule kuna chaza. Kuna watu wanavua."

"Na huko mlipo kuna watu wamelala kitandani. Fungua."

Hakujua kuhusu Mama. Alisema tu. Lakini neno lile lilinichoma kama la mtu aliyejua.

Gurudumu lilikuwa zito. Babu Grisi alishika upande wake, mimi wangu, tukavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Bomba likaguna, kisha likanguruma, na kisima kikaanza kushuka. Nilipaswa kushusha pumzi. Badala yake nilijiona kama ninayemmwagia mtu ndoo ya uchafu kichwani huku namtazama usoni.

Niliosha mikono nikampigia Chumvi. Amri nilikuwa nimeisikia vizuri tu. Alipokea akiwa anacheka, nyuma yake kuna injini ya lori na watu wanaitana.

"Dada! Tunapakia! Hata mvua haitupati!"

"Acha kupakia."

"Nini?"

"Mdogo wangu, acha. Tumefungua vali. Majitaka yanakuja huko sasa hivi. Usimtoe chaza mwingine majini."

 Kisha nikamsikia akisema na mnunuzi, mbali na simu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Vikapu vilivyokuwa kwenye lori vilitolewa majini asubuhi, vilikuwa safi. Angeweza kunyamaza, lori likaondoka. Alimwambia yote. Nikasikia milango ya lori ikifungwa, injini ikienda zake.

"Amevishusha," akaniambia. "Amesema hata vilivyotoka asubuhi havitaki."

"Chumvi..."

"Ungenipigia kabla."

"Kabla ningekuambia nini? Mama alikuwa..."

"Ungenipigia kabla, Dada, tukachagua wote wawili. Umechagua peke yako, kisha umenipigia kunipa taarifa." Akakata.

Nimefika nyumbani. Bafuni pananuka lakini maji hayakufika chumbani. Nimepiga deki kwa dawa mpaka chini ya kitanda cha Mama. Ananitazama tu.

Ijumaa, 21 Machi

Ghuba ina rangi ya chai. Chumvi alikuwa amekaa juu ya kikapu kilichopinduliwa. Nilimwita, akanipa mgongo.

Jumatatu, 24 Machi

Habari imeenea. Sokoni hakuna anayenunua samaki, hata waliovuliwa mbali huko nje. Mwanamke mmoja muuza samaki alinisimamisha njiani. Sikujua kama atanipiga au atanishukuru. Akasema, "Wewe ndiye uliyefungua? Na wewe ndiye uliyesema?" Nikasema ndiyo, na ndiyo. Akasonya, akaenda.

Mhandisi aliniita ofisini. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Nilikuambia ukae kimya."

"Ulinichagulia vali, Mhandisi. Simu nilijichagulia mwenyewe."

Akavua miwani, akasugua macho. "Mkuu wangu anataka uhamishwe stoo. Nimemwambia masika hayajaisha, sina mtu mwingine. Baada ya masika sijui."

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya kuliko ya vali.

Nilipita ufukweni kabla ya zamu. Mvua ilikuwa imekatika, jua kali, bahari kimya kama mafuta. Kwanza niliona kaa. Walikuwa wametoka majini, wamepanda ukuta wa mawe, wamejipanga pale juani, wengi, hawakimbii hata nikiwakaribia. Kisha nikaona samaki wadogo, juu ya maji, vinywa nje, vinafunguka na kufungika. Ghuba nzima ilikuwa inatweta. Pweza mmoja alikuwa ametambaa mpaka kwenye mchanga mkavu, amekunja mikono yake, amekuwa mweupe.

Palikuwa na mtaalamu wa maabara ya bahari, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, anachota maji kwa chupa. Nilimuuliza kama ni sumu.

"Si sumu hasa," akasema. "Ni shibe. Majitaka ni mbolea. Mwani mdogo mdogo umekula, ukazaana, ukafa, na sasa unaoza. Kuoza kunamaliza hewa iliyomo majini. Hawa wamekosa pumzi."

Akanionyesha nyasi bahari alizozing'oa. Zilikuwa zimevikwa utando kama kamasi, chini yake zimekuwa kahawia. "Hizi ndizo zinatengeneza hewa," akasema. "Zikizibwa jua, basi."

Nilivua viatu, nikaingia mpaka magotini, nikaanza kuwachota kaa kwa kitambaa kuwapeleka upande wa mkondo, kule maji yanakoingia kutoka nje. Kaa ana nguvu za kubana hata akiwa anakufa. Mtaalamu alinitazama, hakuniambia ni bure. Nilichelewa kazini. Babu Grisi aliona vidole vyangu, akaleta plasta, akanifunga mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kidogo. Vali imefungwa. Nimeikagua mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Alhamisi, 3 Aprili

Chumvi amekuja nyumbani kumwona Mama. Hasemi nami. Tunasemeshana kupitia kwa Mama kama watu wenye mkalimani.

"Mama, mwambie dada apishe mlango."

"Mama, mwambie mdogo wangu mlango ni mpana."

Mama akatuambia sote wawili tutoke nje tukagombane vizuri, yeye anasikiliza redio.

Hatukugombana. Chumvi alisimama uani, akasema akitazama ukuta kwamba mtaalamu amempa moyo: chaza wake wengi wako hai. Wakipata maji safi wiki kadhaa mfululizo watajisafisha wenyewe, watapimwa, watauzwa. Nyasi nazo mizizi yake bado mizima.

"Na yakija tena?" nikauliza.

"Yakija tena hakuna kitakachobaki," akasema. "Nitarudi dukani."

Masika bado yana Aprili nzima na Mei.

Jumanne, 8 Aprili

Pampu ya pili imefufuka, Mhandisi mwenyewe amekuja na mafundi, akiwa na buti za mpira na shati jeupe ambalo halikubaki jeupe. Tulipomaliza nilimuuliza kinachonikosesha usingizi: pampu mbili zikifanya kazi, zitatosha mvua ikija kama ile?

"Hazitatosha," akasema. "Na usidhani ni vyoo. Majitaka ya mtaa mzima pampu moja inayamudu. Kinachotuzamisha ni mvua. Bondeni kila mtu ameunganisha mfereji wa uani kwenye bomba letu, na maji ya paa pia. Mvua ikinyesha, maji ya paa zote yanakuja kisimani kwako."

"Basi tuzibe."

Akacheka kwa uchovu. "Tulijaribu kabla hujaajiriwa. Ukiziba, maji ya mvua yanakaa uani kwa mtu saa nzima, mbili, mpaka mtaro wa barabarani uyanywe. Nani atakubali? Mafundi wetu walifukuzwa kwa mawe."

"Ukipewa ruhusa na wenye nyumba, utatoa mafundi?"

"Nikipewa ruhusa nitachanganya saruji mimi mwenyewe."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemweleza Mama. Nilidhani atakataa, kwa miguu yake ile. Akasema, "Anza kwangu, halafu uwaambie umeanza kwa bibi mlemavu." Nikamwambia yeye si mlemavu. "Siku hiyo nitakuwa," akasema.

Jumapili, 13 Aprili

Nyumba kwa nyumba. Wa kwanza hakufungua. Wa pili alifungua akaniambia bahari ni kubwa. Wa tatu, mzee mshona viatu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeokoka. Wa nne alikubali kabla sijamaliza, kisha mkewe akatoka akamkatalia.

Ninaelewa. Nawaomba watu wakubali maji uani kwao kwa ajili ya kaa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Njano. Ikashuka.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nilifika kwa Mama Dobi. Ndiye mwenye ua mkubwa kuliko wote bondeni, kwenye kona. Anafua mashuka ya nyumba za wageni na vitambaa vya meza vya kumbi za harusi. Uani kwake kuna paa refu la mabati na mfereji mpana kama barabara ya baiskeli, wote unaingia kwenye bomba letu. Mhandisi anasema ua huo mmoja ni sawa na nyumba nyingi.

"Unataka nizibe mfereji," akasema, akikamua shuka. "Maji yajae hapa. Nguo za watu nianike wapi, kichwani kwako?"

"Ni wakati wa mvua kubwa tu, Mama Dobi."

"Wakati wa mvua kubwa ndio ninapohitaji mfereji! Binti, mimi nilikuwa nafua hapa wewe ukiwa bado unanyonya. Bahari haijawahi kuniletea hata shuka moja."

Nilitoka shingo upande. Mlangoni nikamkuta Chumvi amesimama, kilemba kimelowa. Alikuwa amesikia yote.

"Unawaeleza vibaya," akaniambia. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu bila mkalimani. "Unaanza na mabomba. Nani anataka kusikia habari za mabomba?"

"Wewe ungeanzaje?"

"Twende nyumba ya pili uone."

Na kweli anajua. Yeye haombi. Anaingia, anaketi, anaeleza jinsi kaa walivyopanda ukuta. Anawaambia hata ile siku ya lori. Ananisema mimi nikiwa papo hapo: "Huyu dada yangu alinimwagia, na ningekuwa mimi ningemwaga, kwa sababu Mama yetu alikuwa kitandani. Ndiyo maana tumekuja. Hatutaki kuchagua tena." Nilikaa naangalia kucha zangu. Mwenye nyumba akakubali. Wa pili naye akakubali. Mshona viatu akatuita turudi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mafundi wa Mhandisi wako mtaani na saruji. Yeye mwenyewe alichanganya, kama alivyoahidi, vibaya sana; wakampokonya sepeto. Karibu bondeni yote imezibwa. Imebaki kona.

Jumapili, 4 Mei

Joto. Mawingu yanajikusanya, yanatawanyika. Sili vizuri. Chaza watapimwa katikati ya mwezi. Chumvi anaangalia mbingu kama mtu anayesubiri majibu hospitalini.

Ijumaa, 9 Mei

Imekuja.

Ilianza asubuhi na kufikia adhuhuri ilikuwa kubwa kuliko ile ya Machi. Pampu zote mbili zilikuwa zinanguruma, Babu Grisi anazunguka kati yake kama mama wa mapacha. Nilisimama ukingoni mwa kisima. Njano ikamezwa. Lakini polepole. Mara ya kwanza maji yalikuwa yanakimbia. Leo yalikuwa yanapanda ngazi kama mtu mzima, anapumzika, anapanda tena.

Chumvi alikuwa nyumbani na Mama. Alinipigia: maji ya mvua yamejaa uani, yameingia sebuleni, yamefika kifundo cha mguu, lakini ni maji ya mvua tu, masafi. Amempandisha Mama juu ya meza ya kulia pamoja na kiti chake. Nyuma nilimsikia Mama akisema, "Mwambie naona mtaa mzima kutoka hapa."

Maji yaliendelea kupanda. Mhandisi akapiga.

"Fundi, maji yako wapi?"

"Kati ya njano na nyekundu. Karibu na nyekundu."

"Yakifika, unajua la kufanya."

"Ni kwa Mama Dobi, Mhandisi. Ua mmoja tu uliobaki ndio unaotuletea haya."

"Najua. Lakini siwezi kuziba mfereji wa mtu kwa simu. Yakifika nyekundu, fungua. Nakuomba, usinifanye niseme tena."

Nikamwambia Babu Grisi ashike gurudumu. Nikashika upande wangu. Chuma kilikuwa baridi. Nikasema ngoja. Nikampigia Chumvi.

"Mdogo wangu. Maji yanakaribia kugusa nyekundu. Nakupigia kabla."

 Nilisikia simu ikitiwa mfukoni bila kukatwa, kisha maji yakipigwa na miguu, pumzi zake, mvua. Alikuwa anakimbia. Niliweka simu juu ya pampu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, sisi wawili tukishika chuma, tunasikiliza.

Lango likagongwa. Sauti ya Mama Dobi: "Tena! Hata leo!"

Chumvi hakuweza kusema, pumzi zilimwisha. Nilisikia tu akitweta. Na nikasikia sauti nyingine, miguu mingi kwenye maji. Baadaye ndipo nilipoelezwa: majirani walikuwa wamemwona akikimbia, wakatoka kwenye nyua zao zilizojaa, wakamfuata. Mshona viatu alikuwa amebeba mashine yake kichwani isilowe. Wakasimama langoni kwa Mama Dobi, maji magotini, hawakumtukana, hawakusema neno. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amesimama kwenye sakafu kavu.

Muda ulipita. Maji yaligusa chini ya mstari mwekundu.

"Fundi," akasema Babu Grisi.

"Ngoja."

"Fundi, binti yangu."

Kisha kwenye simu nikamsikia Mama Dobi akipiga kelele, si kwa hasira, bali kama mtu anayeinua mzigo: "Niletee yale mablanketi, tuuzibe mfereji! Yale ya nyumba ya wageni! La, yote!" Kukawa na purukushani, maji yakichapwa, Chumvi akisema "sukuma, sukuma," na kisha Mama Dobi, anahema: "Sasa nimekaa juu yake. Na atakayenicheka nitamfua."

Nilikodoa macho kwenye mstari mwekundu mpaka ukawa unacheza. Maji yakaulamba. Yakasimama. Pampu zinanguruma, mvua inapiga bati, na maji yamesimama pale pale kama yanayofikiria. Babu Grisi alikuwa ananong'ona kitu, sijui dua au matusi kwa pampu ya pili.

Yakashuka upana wa kidole.

Nilitoa mikono kwenye gurudumu, nikakuta siwezi kukunjua vidole.

Jumamosi, 10 Mei

Mtaa mzima umeanika magodoro. Sebule yetu imelowa, miguu ya kabati imevimba, Mama amepata mafua na anasimulia kila anayepita jinsi alivyokaa mezani kama malkia. Mama Dobi hasemi na mtu, ana milima ya mablanketi ya kufua upya. Mwanamke muuza samaki amekuja kumsaidia kukamua. Mfereji wake umezibwa leo kwa saruji. Alisimamia mwenyewe na kuwakosoa mafundi.

Jumanne, 20 Mei

Hakuna mvua. Sijui nifanye nini na mikono yangu.

Mhandisi amesema sihamishwi stoo. Beringi haijafika.

Jumatano, 28 Mei

Majibu ya maabara yametoka: chaza ni safi. Mtaalamu mwenye kofia pana aliyaleta mwenyewe. Alisema pia nyasi zimeanza kutoa machipukizi pembeni, kule kwenye mkondo, lakini katikati ya ghuba ni jangwa, na litakaa jangwa kwa miaka. Kasa hajaonekana. Chumvi aliyapokea yote mawili, zuri na baya, akaitikia kwa kichwa.

Lori litakuja kesho. Jioni, kabla giza halijaingia, tulikaa kwenye mtumbwi tukisugua vikapu, mimi na yeye. Maji yalikuwa matulivu. Alisugua kikapu kimoja mara mbili, nikajua kuna kitu.

"Dada, nikuulize, na usinifiche."

"Uliza."

"Siku ile. Kama Mama Dobi angekataa. Ungefungua?"

Nilitazama kikapu nilichoshika. Nilifikiria nyumba zote za bondeni, zilizokubali kwa sababu tulizibembeleza. Nilifikiria Mama juu ya meza.

"Ningefungua," nikasema.

 Aliendelea kusugua, akasuuza brashi, akaigonga ukingoni mwa mtumbwi.

"Najua," akasema. "Kwani unadhani nilikimbia kwa nini?"